Njia ya Barua Pepe ya Kughushi, na Mahali Mfuatiliaji Anapopaswa Kusimama

Mwaka 2018 watu wengi katika nchi nyingi walianza kupokea barua pepe ya vitisho iliyoonekana kuwa imetoka kwenye anwani zao wenyewe. Mwandishi alidai kuwa amedukua kompyuta ya mpokeaji, kwamba amemrekodi kwa siri kupitia kamera, na kwamba asipolipwa kwa Bitcoin katika muda aliopanga, atawasambazia jamaa na marafiki rekodi hiyo. Wakati mwingine aliweka na neno la siri la zamani la mpokeaji, lililookotwa katika orodha zilizovuja miaka ya nyuma kutoka kwenye tovuti nyingine kabisa. Kilichowatia wengi hofu, hata hivyo, ni ule mstari wa mtumaji: tazama, nimekuandikia kutoka kwenye akaunti yako mwenyewe, kwa hiyo ujue nimo ndani.

Hakuwamo. Kuandika anwani ya mtu mwingine kwenye mstari wa mtumaji hakuhitaji neno lake la siri, wala kuingia katika akaunti yake, wala ujuzi mkubwa wa kompyuta. Nimeamua kueleza kwa kirefu namna jambo hilo linavyowezekana, na namna ya kufuata njia ambayo ujumbe wa aina hiyo umepitia, kwa sababu ushauri unaotolewa kila siku huishia katika kuwataka watu wawe waangalifu bila kuwaambia waangalie nini. Mhasibu, katibu wa shule au mwenye duka la jumla hawezi kuwa mwangalifu juu ya kitu ambacho hajawahi kuonyeshwa. Nina jambo la pili pia, nalo linanigusa zaidi: nimewaona watu wakisoma vibaya alama za ujumbe kama huo, kisha wakamtuhumu mtu asiyehusika. Kufuatilia kunataka kujua ni mstari upi wa kuaminiwa, na pia kujua ni wapi ushahidi unapokatika.

Itifaki (kanuni za mazungumzo kati ya kompyuta) inayosafirisha barua pepe hadi leo, SMTP, iliandikwa na Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California na kutolewa Agosti 1982 kwa jina la RFC 821, moja ya nyaraka za RFC zinazoweka kanuni za mtandao. Mwezi huohuo David Crocker alitoa RFC 822, iliyopanga sura ya barua yenyewe. Mtandao wa wakati huo ulikuwa wa vyuo vikuu, maabara na ofisi chache za serikali ya Marekani, na waliousimamia walifahamiana. Kilichowasumbua kilikuwa ni kuhakikisha barua inafika hata pale seva moja, yaani kompyuta inayopokea na kupitisha barua, inapozimika. Swali la kama mtumaji ni yule anayejitaja halikuwa tatizo lao la kila siku. Itifaki hiyo ilirekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho kwa upana mwaka 2008, na waraka wa marekebisho hayo unakiri waziwazi kwamba SMTP kwa asili yake haina ulinzi, na kwamba hata mtu asiye mtaalamu anaweza kutunga ujumbe utakaomfanya mpokeaji aamini kuwa umetoka mahali pengine.

Ili kuelewa pengo lenyewe, fikiria barua ya posta. Juu ya bahasha kuna anwani, na ndani kuna karatasi yenye jina la mwandishi pale juu. Tarishi husoma bahasha peke yake, na hakuna anayelinganisha bahasha na karatasi. Barua pepe ina bahasha na karatasi kwa maana hiyohiyo. Seva inayotuma huanza kwa kujitambulisha kwa amri ya EHLO, kisha hutaja mtumaji wa bahasha kwa amri ya MAIL FROM, na mpokeaji kwa amri ya RCPT TO. Baada ya hapo hutoa amri ya DATA, na kila kinachofuata ni karatasi: mstari wa From, mstari wa To, mada, tarehe, kisha maneno yenyewe, hadi mstari wenye nukta moja peke yake unaoonyesha kuwa barua imekwisha. Programu ya barua kwenye simu yako hukuonyesha From ya karatasi. Itifaki ya mwaka 1982 haikumtaka mtu yeyote ailinganishe na MAIL FROM ya bahasha, wala aulize kama seva inayozungumza ina ruhusa ya kulitumia jina hilo.

Hata ile nukta ya mwisho imewahi kugeuzwa kuwa mlango. Desemba 2023 mtafiti Timo Longin wa kampuni ya SEC Consult alionyesha kuwa seva za kampuni mbalimbali hazikubaliani hasa juu ya namna mwisho wa barua unavyoandikwa. Mtu aliweza kuingiza ndani ya barua yake halali alama ambayo seva ya kwanza iliiona kuwa maandishi ya kawaida, na seva ya pili ikaiona kuwa mwisho, hivyo yaliyofuata yakapokewa kama barua nyingine inayojitegemea, yenye jina la mtumaji wa kubuni. Kasoro hiyo ilishughulikiwa na kampuni nyingi, lakini inaonyesha jinsi mambo madogo ya mwaka 1982 yanavyoendelea kutugharimu.

Si kila ujumbe wa uongo, hata hivyo, umeghushiwa kwa namna hii, na kutofautisha aina zake ndiyo kazi ya kwanza ya mfuatiliaji. Iko aina ambayo anwani ya mtumaji ni ya mwenyewe hasa, herufi kwa herufi, ila aliyetuma ni mwingine. Iko aina ambayo anwani ni ya ovyo ila jina linaloonekana mbele yake ni la mkurugenzi wako. Simu nyingi huonyesha jina tu na kuficha anwani, ndiyo maana aina hii hufanikiwa sana kwa watu wanaosoma barua wakiwa ndani ya daladala. Iko ya tatu, ambayo tapeli amesajili kikoa (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) kinachofanana na cha kweli kwa kuongeza kistari au kubadili herufi, mathalani kuweka r na n zikikaribiana mahali pa m. Ya nne ndiyo ngumu kuliko zote: akaunti ya kweli imeingiliwa, na ujumbe umetumwa kutoka mahali pake halisi. Mbinu ya kufuatilia aina ya kwanza haifai kwa ya nne, na anayeyachanganya hayo mawili atapoteza muda na pengine heshima ya mtu.

Nitaeleza kisa kimoja kwa karibu. Dada yangu ni mhasibu katika kampuni ndogo ya vipuri vya magari Dar es Salaam, ambayo hununua sehemu ya mzigo wake kwa msambazaji aliyeko Dubai. Asubuhi moja alinipigia simu.

"Kaka, hawa watu wanasema wamebadilisha benki, na ankara inatakiwa ilipwe leo. Nimeangalia anwani, ni ileile yao ya siku zote."

"Dada, usilipe kwanza. Usiifowadi hiyo barua, ihifadhi kama faili kisha unitumie hilo faili."

Nilimwomba hivyo kwa sababu kufowadi kwa kawaida huondoa mistari ya kichwa ya barua ya awali (kumbukumbu za safari yake, ambazo kwa kawaida hazionyeshwi) na kuweka ya kwako, na mistari hiyo ndiyo niliyoihitaji. Kwenye kompyuta, programu karibu zote zina namna ya kuonyesha ujumbe wa asili kama ulivyofika, na nyingi huruhusu kuupakua ukiwa faili lenye kiambishi cha eml. Nilipolifungua, sehemu iliyonihusu ilikuwa kama ifuatavyo. Majina na namba nimebadilisha: nimetumia vikoa na anwani za IP (namba zinazotambulisha mashine kwenye mtandao) zilizotengwa rasmi kwa ajili ya mifano, ili nisimhusishe mtu yeyote.

Authentication-Results: mx.kampuni.example; spf=pass smtp.mailfrom=tatu.example; dkim=none; dmarc=fail header.from=msambazaji.example
Received: from vps7.tatu.example [203.0.113.45] by mx.kampuni.example, Tue, 14 May 2024 09:12:40 +0300
Received: from mail.msambazaji.example [198.51.100.20] by vps7.tatu.example, Tue, 14 May 2024 11:05:11 +0400
From: "Idara ya Mauzo" <mauzo@msambazaji.example>
Reply-To: mauzo@msarnbazaji.example

Kila seva inayopokea barua huongeza mstari wake wa Received juu ya mistari iliyoikuta. Kwa hiyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu, lakini uaminifu husomwa kutoka juu kwenda chini. Mstari wa juu kabisa uliandikwa na seva ya kampuni ya dada yangu, ambayo hatuna sababu ya kuishuku. Seva hiyo iliandika namba 203.0.113.45 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikizungumza nayo wakati huo. Anwani ya IP iliyo katika mabano ya mraba hutokana na muunganisho wenyewe, na ni vigumu sana kuidanganya kwa sababu mazungumzo ya SMTP yanahitaji majibu yarudi kwa mtumaji. Majina yaliyo kabla ya mabano yanaweza kuwa ni yale ambayo mashine ilijitajia yenyewe kwa EHLO, nayo hayana uzito huo.

Mstari wa pili unadai kwamba kabla ya hapo barua ilitoka kwenye seva ya kweli ya msambazaji. Nani aliyeuandika? Ama mashine ile ya 203.0.113.45, ama yeyote aliyetunga barua. Hauna shahidi mwingine. Na ukiutazama saa zake, unajikana wenyewe: saa tano na dakika tano ya Dubai ni saa nne na dakika tano ya Dar es Salaam, wakati seva yetu ilikuwa imekwisha kuipokea barua hiyo saa tatu na dakika kumi na mbili. Barua iliyofika kwetu haiwezi kupita kituo cha nyuma karibu saa nzima baadaye. Peke yake, tofauti hiyo ingeweza kuwa ni saa ya mashine iliyokosewa, na ndiyo maana sikuitegemea peke yake. Nilimwomba dada anipe barua ya zamani kutoka kwa msambazaji huyohuyo, iliyohusu mzigo uliofika na kulipiwa bila tatizo, nikailinganisha mstari kwa mstari. Ile ya zamani ilikuwa na saini ya DKIM, kinga nitakayoieleza hapa chini, na ilipita katika seva nyingine kabisa. Hii mpya haikuwa na saini yoyote. Kulinganisha na barua unayojua kuwa ni ya kweli ni msaada mkubwa kuliko programu yoyote ya uchunguzi ninayoijua.

Mstari wa Reply-To ulikamilisha picha. Mtu akibonyeza kujibu, jibu lingekwenda kwenye kikoa kinachofanana, kilichosajiliwa na tapeli, na kuanzia hapo mazungumzo yote yangekuwa kati ya dada yangu na mwizi, bila msambazaji kujua lolote. Dada alipiga simu Dubai kwa namba iliyokuwa kwenye mkataba wa zamani, si ile iliyoandikwa chini ya ankara mpya, akaambiwa kuwa benki haijabadilika.

Msomaji makini atauliza: kama seva ilikwisha kuandika dmarc=fail, kwa nini barua iliachwa ifike? Swali hili ndilo linalonisumbua zaidi katika jambo hili lote, na jibu lake linahitaji kueleza kinga tatu zilizojengwa juu ya SMTP baada ya wahandisi kukubali kuwa uaminifu wa mwaka 1982 umekwisha.

Ya kwanza ni SPF, iliyochapishwa kama RFC 4408 mwaka 2006. Mwenye kikoa huweka katika DNS, daftari la wazi la mtandao lenye taarifa za vikoa, orodha ya anwani za IP zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake, na seva inayopokea huilinganisha na anwani inayozungumza nayo. Udhaifu wake ni kwamba inakagua mtumaji wa bahasha, si yule anayeonekana na msomaji. Katika kisa cha dada, tapeli aliandika kikoa chake mwenyewe kwenye bahasha, SPF ikapita vizuri, kisha akaandika jina la msambazaji kwenye karatasi. Ndiyo sababu neno pass lililo peke yake lisimtulize mtu kabla hajaangalia limehusu kikoa gani.

Ya pili ni DKIM, iliyotokana na kazi za Yahoo na Cisco na kuchapishwa mwaka 2007. Hapa seva inayotuma hutia saini ya kihesabu kwenye sehemu za kichwa na mwili wa barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi huwekwa katika DNS ili yeyote aweze kuthibitisha. Saini hiyo huvumilia kufowadiwa na seva, jambo ambalo SPF hailiwezi, na hubaki kuwa ushahidi kwa muda mrefu. Nguvu yake, hata hivyo, ni sawa na nguvu ya ufunguo. Desemba 2011 mwanahisabati wa Florida aitwaye Zachary Harris alipokea barua kutoka kwa mtu wa ajira wa Google, akaitilia shaka, akachunguza saini yake na kukuta ufunguo wa biti 512 tu, wakati kiwango kilichopendekezwa kilikuwa biti 1024 au zaidi. Akidhani kuwa huenda ni mtihani uliofichwa wa kumpima, aliuvunja ufunguo huo kwa kukodi kompyuta za Amazon, kazi ambayo baadaye alieleza kuwa iligharimu takriban dola 75 na saa 72. Kisha akamwandikia Larry Page barua iliyoonekana kuwa imetoka kwa Sergey Brin, mwasisi mwenzake wa Google. Hakujibiwa, lakini baada ya siku chache Google ilikuwa imebadili ufunguo wake kuwa wa biti 2048. Habari hiyo ilipotoka Oktoba 2012, ilibainika kuwa Yahoo, eBay, Twitter na kampuni nyingine kubwa nazo zilikuwa zikitumia funguo dhaifu. Nakipenda kisa hiki kwa sababu mtu mmoja, kwa kusoma kichwa cha barua aliyotumiwa, aliona ambacho kampuni kubwa kama hizo hazikukishughulikia.

Ya tatu ni DMARC, iliyotangazwa Januari 2012 na kundi la kampuni zikiwamo Google, Yahoo, Microsoft na PayPal, na kuchapishwa kama RFC 7489 mwaka 2015. Hii ndiyo inayoziba pengo lenyewe: inadai kuwa kikoa kilichothibitishwa na SPF au DKIM kilingane na kile kinachoonekana kwenye From. Tena inampa mwenye kikoa nafasi ya kusema barua isiyolingana ifanywe nini: iachwe ipite, iwekwe kwenye folda ya taka, au ikataliwe. Nilipouliza DNS juu ya sera ya msambazaji wa Dubai, jibu lilikuwa p=none. Maana yake ni kwamba walikuwa wameweka DMARC, wakaona kazi imekwisha, na wakaacha agizo la kwamba barua za kughushi kwa jina lao zipite tu. Seva ya kampuni ya dada iligundua ulaghai, ikauandika kwenye kichwa, kisha ikaheshimu matakwa ya mwenye jina.

Hali hiyo imeenea. Wasimamizi wengi huanza na p=none kwa sababu nzuri, kwani wanataka kwanza kupokea ripoti zinazoonyesha seva zipi zinatuma kwa jina lao, wasije wakazuia barua zao wenyewe za mishahara au za ankara. Ripoti hizo hutumwa kila siku na seva kubwa kwa anwani iliyotajwa kwenye rekodi, na ninamshauri kila mwenye kikoa azisome, maana ndani yake ataona anwani za IP za nchi asizowahi kufanya nazo biashara zikijaribu kutumia jina lake. Kosa ni kubaki hapo miaka na miaka. Serikali ya Marekani ilikwisha kuona hivyo: Oktoba 2017 Wizara ya Usalama wa Ndani iliagiza idara za kiraia za serikali kuu zifikie sera ya kukataa katika muda wa mwaka mmoja. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinadai DMARC kwa watumaji wa barua nyingi, na kwa Gmail hao ni wale wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku. Microsoft ilifuata Mei 2025. Masharti hayo, hata hivyo, yanaridhika na p=none. Shule, hospitali na saccos zenye vikoa vya .tz na .ke haziguswi nayo kwa kuwa hazitumi barua nyingi kiasi hicho, lakini ndizo ambazo jina lake likighushiwa, mzazi au mwanachama atatuma ada au marejesho ya mkopo mahali pasipo. Kurekebisha mstari mmoja wa DNS hakugharimu fedha. Kunahitaji mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo na kuulizwa juu yake.

Baada ya kusifu kinga hizo, lazima niseme zinakoishia. Tarehe 13 Novemba 2021 maelfu kwa maelfu ya watu walipokea onyo la shambulio la kimtandao kutoka kwenye anwani ya FBI. Waliokagua vichwa walikuta seva ni ya FBI kweli na saini ni sahihi. Onyo lenyewe lilikuwa la uongo. Mtu alikuwa amegundua kuwa ukurasa wa kujiandikisha wa tovuti moja ya shirika hilo ulimruhusu mtumiaji kubadili mada na maneno ya ujumbe uliokuwa ukitumwa na mfumo, naye akaugeuza mfumo huo kuwa kipaza sauti chake. DMARC huthibitisha kuwa barua imetoka kwenye nyumba fulani. Haithibitishi aliyeiandika, wala ukweli wa maneno yake. Hali ni hiyohiyo akaunti ya kweli inapoingiliwa: kila kitu kitasomeka pass, na aliyeaminishwa na neno hilo atalipa bila wasiwasi. Kwa hiyo mabadiliko ya akaunti ya benki yathibitishwe kwa simu kila mara, hata pale barua inapokuwa safi kwa kila kipimo.

Sasa nirudi kwenye ile namba, 203.0.113.45. Mtu akiipata, hamu ya kwanza ni kuiweka kwenye tovuti inayoonyesha ramani, kisha kutangaza kuwa tapeli yuko mji fulani. Nawasihi wasomaji waache tabia hiyo. Namba ya IP hutaja mtandao, na mtandao una msimamizi ambaye huorodheshwa na msajili wa kanda yake: kwa Afrika ni AFRINIC, yenye makao Mauritius; kwa Ulaya na Mashariki ya Kati ni RIPE NCC ya Amsterdam. Ramani huonyesha mara nyingi mahali kampuni hiyo ilipojiandikisha au ilipo mitambo yake. Katika kisa cha dada, namba ilikuwa ya kampuni inayokodisha seva Ulaya, na anayekodi seva anaweza kuwa bara lolote, au seva inaweza kuwa ya mtu mwema aliyedukuliwa bila kujua. Tukija kwenye mitandao ya simu ya kwetu, anwani moja ya nje mara nyingi hutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja, hivyo namba bila saa kamili, pamoja na sekunde na tofauti ya saa za kanda, haimtambulishi yeyote. Gmail nayo haiweki kwenye kichwa anwani ya mtu aliyeandika kupitia tovuti yake. Utaona seva za Google na utakomea hapo. Kumbukumbu za usajili wa vikoa zilizokuwa zikitaja majina ya wenye vikoa zimefichwa kwa sehemu kubwa tangu sheria ya Ulaya ya faragha ilipoanza kutumika Mei 2018.

Yupo pia mtu ambaye jina lake limeghushiwa, na ambaye asubuhi anakuta mamia ya taarifa za barua zilizoshindwa kufika ambazo hakuzituma. Huyo mara nyingi hajadukuliwa kabisa. Seva za watu zinarudisha barua kwa jina lililoandikwa kwenye bahasha. Nimewahi kuona mwalimu akihojiwa na wakuu wake kwa barua ya matusi iliyobeba anwani yake, na hakuna hata mmoja katika kikao aliyekuwa ameomba kuona mistari ya kichwa. Ilipoonekana, seva iliyoituma haikuwa na uhusiano wowote na mfumo wa barua wa shule hiyo. Tuhuma ya aina hiyo isitolewe kabla ya kichwa kusomwa.

Kuna kesi ambazo mtu mwenyewe alifikiwa. Evaldas Rimasauskas wa Lithuania, kati ya mwaka 2013 na 2015, alisababisha Google na Facebook kulipa zaidi ya dola milioni 100 kwa kujifanya Quanta Computer, kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiziuzia vifaa, akitumia barua pepe za kughushi, ankara na mikataba ya uongo. Alikamatwa mwaka 2017 na kuhukumiwa New York Desemba 2019 kifungo cha miaka mitano. Mtu huyo alikuwa amesajili kampuni yenye jina hilohilo nchini Latvia, na fedha zilipita katika akaunti za benki za Latvia na Cyprus. Kampuni iliyosajiliwa na akaunti ya benki huwa na majina, saini na tarehe, na barua pepe ya kughushi haina hayo. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kulipa anapaswa kukimbilia benki yake kabla ya kunishirikisha mimi au mtaalamu mwingine yeyote wa vichwa vya barua, kwani uhamisho unaweza kuzuiwa iwapo fedha bado hazijatolewa upande wa pili.

Baada ya benki, kinachobaki ni kuliweka faili la asili lilivyo, bila kulifungua na kulihifadhi upya kwa programu nyingine, na kulipeleka polisi pamoja na maelezo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina sheria yake ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, na zote zinagusa kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kielektroniki. Kampuni yenye mtandao uliotumika huwa na anwani ya kupokea malalamiko, inayopatikana katika kumbukumbu za msajili wa kanda. Niliiandikia ile ya Ulaya, nikaambatisha faili zima, nikataja namba ya IP, tarehe, na saa hadi sekunde kwa saa za kimataifa. Walinijibu kwamba seva hiyo imesimamishwa, na kwamba taarifa za aliyeikodi watazitoa kwa polisi peke yao wakiziomba kisheria. Nilimpa dada majibu hayo ayaambatishe kwenye taarifa yake ya polisi.